Kofia ya Tahir na Kidonge cha Alfajiri

Jumatatu tarehe 12 Mei 2025, kwenye kadi ya kliniki ya Bashira Mudrik, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja anayeishi Michenzani, daktari aliandika namba 11.8 na chini yake maneno matano: ongeza dawa, kidonge na nusu.

Namba ile ni ya kipimo cha damu kinachoitwa TSH. Tezi ya shingoni, ndogo, yenye umbo la kipepeo, hutoa homoni inayouendesha mwili: joto lake, mapigo ya moyo, usingizi, choo, hata wepesi wa vidole. Tezi ikilegea, ubongo huisukuma, na TSH ndiyo kipimo cha msukumo huo. Kwa mtu mzima kwa kawaida haivuki nne au tano. Tezi ya Bi Bashira ililegea zamani, na kazi yake sasa inafanywa na kidonge kidogo cheupe kinachomezwa kila siku. Mwezi wa Januari kidonge kimoja kilikuwa kinamtosha na namba yake ilikuwa 2.1. Mei ilikuwa imefika 11.8, na yeye hakuwa ameruka hata siku moja.

Mwenye hakika ya jambo hilo kuliko wote alikuwa mumewe, Mabrouk Machano, aliyestaafu ufundi wa mabomba katika idara ya maji. Mabrouk huweka pakiti tupu za dawa za mkewe ndani ya kopo la biskuti, kila pakiti imeandikwa tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Siku ile ya Mei alikwenda nalo kliniki. Daktari aliuliza kama dawa inamezwa kila siku, Mabrouk akafungua kopo, daktari akatazama pakiti na kuridhika.

Swali lilikuwa zuri na jibu lilikuwa la kweli. Kilichokosekana kilikuja kuonekana miezi miwili baadaye, na kilionekana kwenye kofia.

Bi Bashira hushona kofia za vito, zile nyeupe zenye vitundu vidogo, kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa sindano. Kofia ina sehemu mbili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Ukanda anaoupenda yeye una maua ishirini na nane, kila ua vitundu arubaini na nane, na mkono wake ukiwa sawa, ua moja linamchukua siku sita. Wako washonaji wanaorukaruka, leo hapa palipo rahisi, kesho pale. Yeye huanza ncha moja ya ukanda na kwenda mbele ua baada ya ua, na hapendi hata kuzungumza na mtu anayeshona kwa kuruka.

Katika jengo lao wako wanaume tisa waliooa wakiwa na kofia za mkono wake kichwani. Wa kumi alikuwa awe mwanawe. Tahir ni mtoto wao pekee, ana miaka ishirini na saba, ni fundi wa viyoyozi katika hoteli za mashariki ya kisiwa, na mwishoni mwa 2024 alikubaliwa posa yake kwa Sumaiya, binti wa Fuoni. Nikaha iliwekwa Ijumaa tarehe 26 Septemba 2025. Bi Bashira alitangaza kwamba kofia ya siku hiyo ataishona mwenyewe, tundu la kwanza mpaka la mwisho, na hakuna mtu atakayetia sindano. Duara la juu alikuwa nalo tayari. Ukanda aliuanza tarehe 2 Januari.

Tangazo lile lilikuwa na historia. Kwa karibu miaka miwili kabla yake hakuwa ameshona kitu. Ilianza kwa baridi. Februari ya 2023, watu wanalala na milango wazi, yeye alikuwa anajifunika blanketi na kuvaa soksi. Uso ulimvimba asubuhi, sauti ikawa nzito, nywele za nyusi zikapukutika kwa nje, na vidole vikawa, kwa maneno yake, kama vya mtu mwingine aliyeviazima. Alikuwa akikaa na sindano mkononi, akiitazama, akilala usingizi ameketi. Wapo waliosema ni umri. Wapo waliosema amerogwa. Wifi yake Zuleikha, dada mdogo wa Mabrouk anayekaa ghorofa ya chini, alisema ni uvivu, akaja kila siku kumpikia na kumfulia huku akisema hivyo hivyo.

Ramadhani ya 2024 alishindwa kufunga siku kumi na tisa. Ndipo Mabrouk alipomchukua kwa nguvu kwenda kupimwa. TSH ilikuwa juu ya sitini. Daktari Khairat, mwanamke wa miaka thelathini na nne ambaye ndiye anayemtibu mpaka leo, alimweleza kwamba dawa ipo na ni rahisi, tatizo ni kiasi. Ikipungua mwili unalala, ikizidi mwili unakimbia, na kila ukibadilisha kiasi lazima usubiri wiki sita ndipo damu iseme kweli. Walianza na nusu kidonge. Wakapanda robo. Desemba wakafika kidonge kizima, mikrogramu mia moja, na Bi Bashira akaamka asubuhi moja akaomba kikapu chake cha nyuzi.

Maelekezo aliyafuata kama anavyofuata mchoro wa kofia. Akishasali alfajiri alikuwa akimeza kidonge kwa gilasi ya maji, kisha anakaa na ukanda wake dirishani, mwanga ukianza kuingia. Chai ilikuwa baadaye, saa moja na nusu, Mabrouk akirudi na mkate wa moto. Maua kumi ya kwanza yalishonwa hivyo.

Kisha ukaandama mwezi wa Ramadhani. Dawa ya kumezwa baada ya alfajiri haimezwi tena baada ya alfajiri mtu akifunga, na Bi Bashira, aliyefungua siku kumi na tisa mwaka wa nyuma, hakuwa tayari kufungua hata moja. Mabrouk alilipanga jambo hilo bila ya kuulizwa. Yeye mwenyewe ana kidonge cha presha anachokunywa daku, na akaona vidonge viwili vinaweza kwenda pamoja. Kila daku alikuwa akiamka kwanza, anachemsha maziwa, anatia majani, iliki na tangawizi, na anamletea mkewe kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, kidonge kimewekwa ukingoni mwa kisahani ili kisisahaulike. Bi Bashira anasema hakupata kupendwa hivyo hata mwaka aliojifungua. Alikuwa anameza kidonge kwa funda la kwanza la chai, anakula wali wake wa daku, anamalizia kikombe.

Baada ya Idi alifunga siku sita za Shawali, akaunganisha na zile kumi na tisa za kulipa, akipumzika siku chache katikati. Mabrouk hakuacha hata daku moja impite. Kwa hiyo kidonge na chai ya maziwa vilikwenda pamoja tangu mwanzo wa Machi mpaka siku za mwanzo za Mei.

Uchovu ulirudi taratibu. Mei ile alikuwa anashona ua moja kwa siku tisa, na soksi zilikuwa zimeshatoka kabatini. Ndipo ilipoandikwa 11.8, na dawa ikapandishwa kuwa kidonge na nusu.

Wiki za mwanzo alifurahi. Juni mwilini akawa mwepesi, akafua mapazia yote ya nyumba kwa siku moja, akawaamsha majirani kwa kufagia ngazi kabla hakujapambazuka. Katikati ya mwezi moyo ulianza kumwenda mbio ameketi. Usingizi ukakatika. Alitoka jasho hali wengine wanavaa sweta kwa upepo wa kusi. Na mkono ukaanza kutetemeka, kidogo tu, kiasi ambacho mtu akishika kikombe haonekani, lakini akishika sindano anaonekana.

Zuleikha alikuwa wa kwanza kuona. Naye hushona, na alasiri hukaa pamoja mkekani ukumbini kwa Bi Bashira. Alichukua ukanda, akaupitisha mkononi pole pole kama mtu anayesoma barua, akafika ua la ishirini na moja.

"Wifi, hili umeshona wewe au ameshona kaka yangu?"

"Kaka yako angelishona ungeona bomba limechorwa hapo."

"Nnakuuliza kweli."

Bi Bashira alimnyang'anya ukanda. Zuleikha akasema, kwa sauti ya chini asiyoizoea, kwamba yamebaki maua saba, kwamba mikono yake yeye iko salama, na kwamba hakuna mwanamme duniani atakayejua nani kashona nini.

"Mimi ntajua," alisema Bi Bashira. Akaukunja ukanda ndani ya kanga, akautia kikapuni, na kwa wiki tatu hakuutoa.

Wiki hizo hazikuwa nzuri. Watu ngazini walimsifu kwamba amepungua, wakamwuliza anatumia nini. Mmoja alimwuliza anamkimbia nani. Kilo sita zilikuwa zimetoka. Kuumwa kwa mara ya kwanza alikuwa amekuvumilia kwa sababu hakukijua kinachomsumbua. Sasa alikuwa anakijua, anameza dawa yake kila siku, na bado mkono haukuwa wake. Alimwambia Mabrouk kwamba pengine mwili wake haukubaliani na dawa hii, na kwamba angependa kuiacha kabisa. Mabrouk alimwomba asubiri mpaka tarehe ya kliniki, kisha akaenda kukaa jikoni na kopo lake la biskuti, akizipanga pakiti upya, akitafuta siku aliyokosea.

Alhamisi tarehe 10 Julai walikwenda wote wawili. Damu ilikuwa imechukuliwa siku tatu kabla. Daktari Khairat alimwamkia Bi Bashira, akaitikiwa, na akatazama karatasi. TSH ilikuwa 0.03. Mwili uliokuwa na upungufu mwezi wa Mei ulikuwa na ziada mwezi wa Julai, na nusu kidonge peke yake ilikuwa ndogo mno kuleta tofauti kubwa namna ile.

Akauliza uchovu wa mwanzo, ule wa kabla ya Mei, ulianza lini hasa. Bi Bashira akasema hakumbuki tarehe. Mabrouk akafungua kopo, lakini kopo lilionyesha siku alizomeza, na siku zote alimeza. Daktari akauliza tena, kwa upole: ilikuwa baada ya mwaka mpya, karibu na Idi, au lini.

Bi Bashira aliinama, akatoa kanga kwenye mkoba wake, akaukunjua ukanda juu ya meza ya daktari. Alikuwa ameubeba kwa sababu hakutaka Zuleikha abaki nao nyumbani. Akaweka kidole kwenye ua la kwanza.

"Hili tarehe mbili Januari. Siku sita, siku sita." Kidole kilitembea. "Hili la kumi nililimaliza siku ya mfungo wa kwanza. Haya mawili bado mazuri. Sasa tazama hapa."

Daktari alisogeza taa. Kuanzia ua la kumi na tatu uzi ulikuwa umelegea, vitundu vimekuwa vikubwa na havilingani, kama vimeshonwa na mtu anayesinzia. Hali ilikuwa hivyo mpaka la kumi na nane. La kumi na tisa na la ishirini yalikuwa karibu sawa na ya mwanzo. La ishirini na moja uzi ulikuwa umekazwa mno, kitambaa kimejikunja, na vitundu vina ncha.

"Kwa hiyo ni wiki mbili baada ya kuanza Ramadhani," alisema daktari. "Bi Bashira, Ramadhani dawa ulikuwa unameza saa ngapi?"

"Daku."

"Kwa maji?"

Bi Bashira alimgeukia mumewe. Aliyejibu ni Mabrouk.

"Kwa chai," alisema. "Ya maziwa. Nilimpikia mimi."

Daktari Khairat aliweka kalamu chini. Akaeleza kwamba dawa hii haipendi kukutana na kitu tumboni. Maziwa huishika isiingie mwilini, chakula pia, na hata chai yenyewe huipunguza. Kwa wiki tisa Bi Bashira alikuwa anameza kidonge kizima na kupata pengine nusu yake. Mei, damu ikaonyesha upungufu wa kweli, na dawa ikaongezwa. Lakini kufikia siku hiyo mfungo ulikuwa umeshakwisha, alikuwa ameshayarudia maji yake ya baada ya alfajiri, na kidonge na nusu kiliingia chote.

"Nilikuuliza kama unameza," alisema daktari. "Sikukuuliza unameza na nini. Kosa hilo ni langu."

"Langu mimi," alisema Mabrouk. "Mie ndo niliyekuwa naamka."

Bi Bashira alikuwa anaukunja ukanda wake. Akasema wakimaliza kugombania kosa, yeye angependa kujua mkono wake utarudi lini.

Jibu halikuwa fupi. Dawa ilishushwa siku ile ile kuwa kidonge kimoja. Ziada iliyokuwa mwilini ingetoka polepole, kwa wiki kadhaa. Kutetemeka kungepungua kwanza, usingizi ungefuata. Daktari alimtaka asishone kwa mwezi mmoja na asiuhukumu mwili wake kabla ya wiki sita. Bi Bashira alihesabu papo hapo. Maua saba, siku sita sita, siku arubaini na mbili. Akianza kabla ya kati ya Agosti, angemaliza na siku chache za kuunganisha ukanda na duara. Akichelewa zaidi ya hapo, Tahir angeoa na kofia ya dukani au ya Zuleikha.

Mwezi ule Mabrouk alipika chai ya rangi tu. Hakuna aliyemtaka afanye hivyo, na dawa yenyewe haikuhitaji, maana chai ilikuwa inakuja saa moja na nusu kama zamani. Bi Bashira aliinywa siku nne. Siku ya tano alimwambia: "Baba Tahir, maziwa hayana kesi. Kesi ilikuwa saa." Siku ya sita maziwa yakarudi.

Kila asubuhi alikuwa anajipima kwa njia yake: anatia uzi kwenye tundu la sindano nyembamba kuliko zote, mara tano, bila ya kulowesha ncha. Julai nzima alishindwa. Agosti ya kwanza alifaulu mara moja katika tano. Jumatatu tarehe 11 Agosti alifaulu mara tano katika tano, na akauchukua ukanda.

Wiki mbili baadaye, damu ilipopimwa, namba ilikuwa 1.9. Yeye alikuwa ameshaanza ua la ishirini na nne.

Zuleikha alimshauri afumue yale maua mabaya saba, la kumi na tatu mpaka la kumi na nane na lile la ishirini na moja. Bi Bashira alisema muda hautoshi, jambo ambalo lilikuwa kweli, na Zuleikha akasema basi angalau lile moja lililojikunja. Wakavutana juu ya hilo siku mbili. Mwishowe wakamwita Tahir, aliyekuwa amekuja kupumzika mwisho wa wiki, wakampa ukanda wakamtaka aonyeshe palipoharibika. Aliugeuza mara tatu.

"Mama, mimi naona kofia. Nani atakuja kunihesabia vitundu kichwani?"

"Wanawake wote wa Michenzani," alisema Zuleikha.

"Watakuwa wanamtazama Sumaiya, shangazi."

Ua la ishirini na moja lilibaki lilivyo. Bi Bashira alimaliza la mwisho tarehe 21 Septemba, Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri. Kuunganisha ukanda na duara alimwachia Zuleikha, bila ya kuombwa, na Zuleikha aliifanya kazi hiyo kwa siku mbili huku akilalamika kwamba anapewa makombo. Ilipokamilika, Bi Bashira aliigeuza kofia ili maua yaliyolegea yakae nyuma, upande wa kisogoni. Siku ya nikaha, msikitini, Mabrouk aliketi safu moja nyuma ya mwanawe. Anasema aliyaona yote saba na kwamba mengi katika khutba hakuyasikia.

Kofia sasa iko kwa Tahir na Sumaiya, Fuoni, juu ya kabati. Bi Bashira amefungua ukanda mwingine, wa bwana harusi wa ghorofa ya pili, na ameshafika ua la kumi na moja. TSH yake ya Januari 2026 ilikuwa 2.3, kwa kidonge kile kile kimoja.

Ramadhani inakaribia tena. Daktari Khairat aliwapa njia mbili: kumeza kabla ya kulala, zikishapita saa tatu tangu chakula cha mwisho, au kumeza kabla ya daku na kungoja. Ya kwanza Bi Bashira aliikataa kwa kuwa usiku wa Ramadhani wageni hawaishi, na yeye hakai na wageni bila ya kutafuna kitu. Wamechagua ya pili. Mabrouk amenunua saa ya mezani yenye kengele mbili. Ya kwanza italia saa tisa na robo, na atampelekea mkewe kidonge na gilasi ya maji. Ya pili italia saa kumi na robo, na atampelekea chai ya rangi. Ya maziwa itangoja futari. Jumatatu tarehe 13 Aprili Bi Bashira atarudi kliniki kupimwa damu.